Mwalimu Aliyeanguka Akifumba Macho

Siku yangu ya kwanza kazini, Médecin Directeur, daktari mkuu wa hospitali ya Bunia, alinipeleka kwenye stoo ya vitanda vilivyovunjika, akasema hapo ndipo nitakapofanyia kazi. Nilikuwa nimetoka Kisangani na diploma ya kinésithérapie, yaani kazi ya kuurudisha mwili kwenye mwendo wake kwa mikono na mazoezi. Akacheka. "Hapa Bunia watu banataka sindano," akaniambia. "Weye utabafanyisha sport." Nilitoa vile vitanda mwenyewe, nikafagia mavi ya panya, nikaanza kazi na hasira. Nilistaafu ningali nayo. Ninyi vijana mnaotafuta humu upole wa bibi kizee, mtasubiri sana.

Baadaye nilitumwa Mambasa, kwa wakata mbao waliovunjwa miguu na magogo. Huko Infirmier Titulaire, muuguzi mkuu wa kituo, alinifundisha jambo ambalo shule haikunifundisha. Alinikataza kugusa fiche, karatasi ya maelezo ya mgonjwa, kabla sijamwona akiingia mlangoni. Mguu huanza kusema kabla ya mdomo, ndivyo alivyokuwa akinieleza, na mtu anayesoma kwanza huona kile alichosoma. Laiti ningemsikiliza daima.

Niliporudishwa Bunia nilikuwa chini ya Médecin Chef de Staff, daktari aliyesimamia madaktari wenzake. Hakuwa mjinga. Alikuwa na mikono mizuri ya upasuaji, na wengi wako hai kwa sababu yake. Ila akishaandika neno, neno hilo lilikuwa sheria.

Ndipo akaja Madame Yvonne, mwalimu wa darasa la tatu huko Mudzipela, mtaa mmoja wa Bunia, mama wa watoto wawili, hajafika miaka arobaini. Alikuwa na kizunguzungu, na alitembea miguu ikiwa imetanuka, akishika ukuta. Kwetu kizunguzungu ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, na hata ikithibitishwa hatusadiki. Mara tatu damu yake ilipimwa, haikuonekana malaria. Mara tatu akatundikiwa dripu ya kinini. Jueni basi kwamba kinini yenyewe husumbua sikio: huleta mlio na kuzungusha kichwa. Tulikuwa tunamtonesha kidonda, tena kwa moyo mkunjufu.

Mara ya nne daktari alimnusa mdomo. Hakusikia harufu yoyote. Hata hivyo akaandika "éthylisme chronique", ulevi uliokomaa, kwa kuwa mtu mnyonge anayeyumba Bunia lazima awe amekunywa kaikpo, ile pombe kali ya mitaani. Mkuu wa shule alikuwa ameomba cheti cha afya ya mwalimu wake, naye akapelekewa hicho. Na chini ya jina la daktari kulikuwa na sahihi yangu, maana kiné, yaani mtu wa kazi yangu, alitakiwa kutia sahihi, na daktari hapingwi. Hasira yangu inaanzia hapo, kwangu mwenyewe.

Wiki ile ile shule ikamwondoa. Alikuja chumbani kwangu, akakaa, wala hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenitukana.

"Mama Kiné, mimi sijakunywa hata siku moja," alisema. "Naangukaka saa ya sala. Na asubuhi, nikipakaa sabuni ku uso."

Nikashtuka. Wakati wa sala tunafumba macho. Wenye sabuni usoni nao hufumba. Nilimsimamisha katikati ya chumba, miguu pamoja, mikono kando. Macho yakiwa wazi, alisimama. Nilipomwambia ayafumbe, alikwenda upande kama gunia, nikamdaka. Tulirudia mara tatu. Ni jaribio ambalo halihitaji umeme wala mashine, na sikuwa nimemfanyia kwa sababu nilisoma fiche kwanza.

Sikilizeni sasa, maana hili ndilo somo. Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma yake, kuna vijimirija vyenye maji. Ukigeuza kichwa, maji yale yanasogea, na mshipa wa fahamu unapeleka habari kwenye ubongo: tumeinama, tumegeuka. Macho nayo yanapeleka habari zake, na nyayo pia zinapeleka zake. Ubongo unalinganisha habari hizo tatu, na wewe unasimama bila kujua kwamba kuna kazi inafanyika. Katika ugonjwa nilioushuku kwake, uitwao sclérose en plaques, kinga ya mwili inageuka na kula ganda la mishipa ya fahamu, kama panya anayetafuna ganda la waya. Sikio linaweza kuwa zima kabisa. Ila habari zake, pamoja na zile za nyayo, zinapotea njiani. Mgonjwa anabaki kutegemea macho. Akiyafumba, chini inamponyoka.

Kaka zake waliuza ng'ombe, wakampeleka Kampala kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Alirudi na picha zenye madoa na barua yenye jina la ugonjwa huo huo. Nilizibeba mwenyewe hadi kwa daktari, nikamwomba aandike cheti kipya. Aliziangalia kitambo. Kisha akanirudishia.

"Hiyo ni maladie ya Bazungu," alisema. "Mi siwezi kujikosoa mbele ya shule."

Ile sentensi ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli. Nilimweleza mkuu wa shule kwa mdomo, akataka karatasi. Na Mudzipela watoto wa Yvonne waliitwa watoto wa mulevi wakienda kisimani. Nilimfundisha mazoezi: kukaza macho kwenye alama ukutani huku akigeuza kichwa, kutembea na fimbo mbili, kunawa akiwa amekaa. Yalimsaidia kutembea. Jina lake hayakulisaidia.

Nilistaafu, na daktari naye akastaafu. Mwaka jana mke wake alinitumia mtu: mzee hawezi kuamka kitandani, nyumba yote inazunguka. Kumbe ni vijiwe vidogo vya sikioni vilivyohama mahali pake, shida ya kawaida ya uzeeni. Nilimlaza, nikageuza kichwa chake taratibu, upande mmoja kisha mwingine, nikisubiri kila mara mzunguko upoe. Tiba hiyo haimfai Yvonne. Yeye mshipa umeliwa. Mzee alikaa, akasimama, akatoa machozi ya shukrani. Nikamwekea karatasi na kalamu ya Bic mezani.

"Sikujua, Mama Kiné," alisema.

"Hukujua, Docteur, lakini uliandika."

Aliandika ukurasa mzima, akakiri kosa lake na kutaja ugonjwa. Nami nikaongeza kosa langu chini, kisha sahihi.

Watu huniambia nisamehe, nimezeeka. Mwalimu mwingine ana darasa la Yvonne kwa miaka sasa. Nimsamehe nani, na kwa ruhusa ya nani?

Nilipeleka karatasi Mudzipela mchana wa Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani. Macho ya Yvonne siku hizi yana ukungu, hawezi kusoma. Aliomba kiti chake kitolewe nje mpaka kando ya njia, na mimi nisimame, nisome kwa nguvu. Nilisoma yote, pamoja na jina langu. Majirani walikuwa wamejaa njiani. Nikaanza kuikunja, akanishika mkono.

"Soma tena, mama," akasema. "Bale ba kule mwisho hawakusikia."