Alama ya Matano Mlangoni

Mwaka wa pili wa uhuru, hoteli moja ya Diani ilitafuta bawabu mrefu. Matano wa Msambweni, bingwa wa kuruka juu enzi zake, alikuwa amevunjwa mgongo na kubeba magunia ya mbata, zile nazi kavu, na hakuwa na tumaini jingine. Alipimwa, akaonekana amepungua vidole viwili kwa kimo chake cha ujana, akakataliwa.

“Ni umri na mizigo, mzee wangu,” karani akamwambia.

Matano alirudi nyumbani amefura, akasimama kwenye mwimo wa mlango. Utosi uligusa alama ile ile ya kimo chake iliyochongwa hapo ujanani.

“Mama, wamenidhulumu.”

Mamake aliendelea na kazi. Alikuwa akikandika sakafu kwa udongo mpya, kama afanyavyo kila Shaabani. Matano aliutazama ule udongo, akapiga magoti, akaanza kuuchimba hapo mlangoni kwa kucha, tabaka baada ya tabaka, hadi sakafu ya ujana wake.

Aliposimama shimoni, alama ilikuwa juu ya utosi wake, vidole viwili kamili.