Alasiri Meli Ilipozama Kakuma

Juzi, hotelini Lodwar, nikisubiri chai, runinga ilionyesha ndege zikiishambulia meli ya vita ya zamani. Papo hapo nikasikia tena harufu ya petroli ya jenereta.

Ilikuwa alasiri, Kakuma, nikiwa mtoto, ndani ya kibanda cha video cha mabati, joto likitupika. Nilikuwa nimeketi na Mama Achol, jirani yetu mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliyezoea kunipeleka huko akimaliza kuuza maandazi. Sikuwa nimewahi kuona meli. Ndege nilizijua: bibi alinisimulia jinsi zilivyopaa kutoka Lokichoggio kwenda kuwaangushia wenye njaa magunia ya mahindi. Kwa hiyo ndege za kwenye filamu zilipoanza kudondosha vitu juu ya meli, nilipiga makofi.

"Mama Achol, wanaletewa chakula!"

Alinivuta chini akanilalia, moyo wake ukidunda mgongoni mwangu. Vijana waliokaa nyuma yetu waliangua kicheko. Chini ya mkono wake unaonukia mafuta ya maandazi niliiona meli ikiinama, na wanaume wakikimbia huku na huku juu yake.

"Shimo yao iko wapi?" alinong'ona. "Kwetu ndege ikikuja na bomu, unaingia kwa shimo. Hawa watu, shimo yao iko wapi?"

Nililiona swali la ajabu. Nani achimbe shimo kwenye chuma?

Chai yangu ya juzi ililetwa, ikapoa mezani. Meli ilikuwa inazama tena, nami nilikuwa bado nawatafutia wale watu shimo.