Zima, Nzima na Kizima

Wanaosimulia maisha ya mafundi hupenda kuanza na mtoto aliyefungua redio ya baba yake na kuirudisha ikiimba vizuri kuliko mwanzo. Shemeji yangu, mke wa kaka, hakuwahi kufungua redio ya mtu. Redio ya kwao ilikuwa ya baba yake, mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu yule alikuwa na mkono mwepesi. Shemeji alisomea uhandisi wa vifaa tiba kwa sababu siku ya kujiandikisha chuoni foleni ya dirisha lile ilikuwa fupi. Wito huja hivyo kwa watu wengi, ila wanaokiri ni wachache.

Hospitali ilipomwajiri, hakuna aliyejua amekuja kufanya nini. Walimpa karakana nyuma ya chumba cha kufulia, inayonuka sabuni na waya ulioungua. Mgeni wake wa kwanza alikuwa mlinzi wa getini.

"Fundi, televisheni ya pale wagonjwa wanapongojea ina chenga."

"Mimi natengeneza mashine za wagonjwa, kaka."

"Sasa wanaoiangalia si wagonjwa?"

Akaitengeneza.

Jambo likiharibika hospitalini, swali la kwanza huwa ni "Nani?" Ni swali lenye raha yake, maana likishajibiwa, wengine wote wanarudi kunywa chai. Shemeji alikuja na swali lake, la kuudhi kidogo: "Ni kitu gani kilichomruhusu akosee?"

Wodini kulikuwa na matundu mawili ukutani, moja la oksijeni na jingine la hewa ya kawaida, yamefanana kama pacha. Siku moja muuguzi alichomeka mpira wa oksijeni wa mgonjwa kwenye tundu la hewa ya kawaida. Mgonjwa alipona, ila alikuwa ameshaanza kubadilika rangi. Wakubwa walitaka muuguzi apelekwe semina. Shemeji aliacha semina iendelee, yeye akabadilisha matundu, kila moja likawa na umbo lake, mpira wa huku usiingie kule.

"Sasa anayetaka kukosea," alituambia mezani, "lazima aje na nyundo."

Baadaye akazitenganisha pampu za dripu, kwa kuwa zilikuwa za aina mbili, na kitufe cha kuanzisha cha moja kilikaa palepale penye kitufe cha kusimamisha cha nyingine. Akapunguza kengele zinazolia bila sababu, hata iliyobaki ikilia watu wakawa wanageuka. Ni kazi isiyo na shangwe. Hakuna mgonjwa anayerudi kushukuru kwa ajali ambayo haikumpata. Aliyefaidika waziwazi ni kaka: glasi ikivunjika nyumbani, haulizwi nani, inaulizwa meza iliwekwa wapi.

Kisha vikaja vibandiko.

Kila kifaa kilichopimwa na kukutwa hakina hitilafu kilibandikwa karatasi ya kijani yenye maneno ya kigeni, ambayo nusu ya wafanyakazi waliyachukulia kuwa urembo. Shemeji akaamua yaandikwe kwa Kiswahili. Mtu mwingine angeandika SAWA kwenye kila kitu akaenda zake kula. Lakini huyu ni binti wa mwalimu. Kwenye mashine aliandika NZIMA. Kwenye vitanda vya umeme, KIZIMA. Na kwenye jokofu la damu, kwa kuheshimu ngeli yake, akaandika ZIMA.

Wiki hiyohiyo aliwakusanya wafanyakazi wa usafi akawaonya kuhusu maji na umeme. "Mkiona maandishi yangu, yafuateni," aliwaambia. "Msibahatishe."

Miongoni mwao alikuwemo Mama Povu, mwanamke mwenye umri wa kuitwa shangazi na kila mtu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa sakafu zake huonekana mawingu kabla ya kuwa sakafu. Kazi ile ndiyo iliyowasomesha wanawe, na wa mwisho alikuwa bado yuko chuoni. Aliingia chumba cha damu na kitambaa chake, akasoma, akatii.

Jokofu lilikuwa na kengele yenye betri yake, inayolia umeme ukikatika. Shemeji ndiye aliyeifunga, na watu wa maabara walikuwa wameilalamikia kwa makelele. Sasa ikapiga mayowe. Mtu wa maabara akaja mbio, akakuta Mama Povu amelishika jokofu mlango kwa mikono miwili, kana kwamba litatoroka.

"Nimelizima na bado linalia!"

Akaliwasha. Kipimajoto kilikuwa hakijasogea. Damu yote ilikuwa salama, pamoja na ile ya mama aliyekuwa akiandaliwa kwa upasuaji ng'ambo ya korido. Watu wakashusha pumzi, na walipozishusha, wakauliza: "Nani?"

Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa ikingoja kikao cha kesho yake tu. Mama Povu alikwenda karakana na ndoo yake.

"Injinia, si ulituambia mwenyewe? Maandishi yangu yafuateni. Nimefika, limeandikwa zima. Nikazima. Likaanza kunipigia kelele kama mbuzi! Nikaliambia, mbona umeandikwa?"

Shemeji akaenda kukitazama kibandiko. Alisimama mbele yake, binti wa mwalimu, akisoma kivumishi. Halafu akakisoma kama alivyokisoma Mama Povu, na kivumishi kikageuka amri.

"Umesoma sawasawa, shangazi. Mwenye kosa ni mimi."

"Basi kawaambie hivyo!"

"Nikiwaambia watasema nakutetea. Afadhali waambiwe na feni."

Mama Povu alimtazama kama mtu anayetazama kazi yake ikiondoka.

Kesho yake shemeji aliwahi ukumbini, akabandika ZIMA juu ya swichi ya feni, akakaa pembeni. Wa kwanza kuingia alikuwa mhasibu mkuu. Alisoma, akabonyeza, akaketi. Wengine wakafuata, na jua nalo likafuata madirishani. Mkuu wa utawala alianza kusoma mashtaka huku akijifuta shingo.

"Huu ni uzembe uliokithiri. Mtu mzima na akili zake anazima kitu bila kuuliza! Halafu humu mbona kuna joto hivi? Nani kazima feni?"

"Mimi, mkuu," mhasibu akasema. "Kuna kibandiko pale. Kimeandikwa zima."

"Na wewe hukuuliza?"

"Nimuulize nani, mkuu? Imeandikwa!"

Matroni akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Basi barua ziandikwe mbili," shemeji akasema. Kisha akasimama, akaeleza habari za jokofu na ngeli yake, kwamba kibandiko ni chake, na kwamba kama ni lazima mtu aondoke, mtu huyo ndiye anayezungumza.

Mkuu wa utawala aliitazama barua, akamtazama mhasibu, ambaye alikuwa shemeji yake mwenyewe.

"Washeni feni kwanza," akasema, akaichana barua.

Nje, Mama Povu alikuwa kwenye benchi, ndoo katikati ya miguu. Aliambiwa barua imechanwa. Alivua kiatu kimoja, akakikung'uta, ingawa hakikuwa na kitu, akakivaa tena.

Jioni mwalimu mstaafu alisimuliwa mkasa wote na bintiye. Alisikiliza hadi mwisho.

"Jokofu zima ni sahihi," akasema. "Lakini feni ni nzima. Pale uliwadanganya."

"Baba, hakuna hata mmoja aliyegundua."

"Hilo ndilo linalonisikitisha."

Siku hizi hakuna kibandiko kinachochapwa bila Mama Povu kukisoma kwanza. Cha jokofu ndicho alichoanza nacho.

"Usizime," akasoma.

"Unaelewaje, shangazi?"

"Naelewa nisizime. Kwani kuna namna nyingine?"

Shemeji anasema hajawahi kusikia sentensi tamu kama ile. Mama Povu akachukua kitambaa kikavu, akalifuta jokofu lote likiwa linanguruma, na swichi akaizungukia mbali, kama anayepita karibu na mbwa wa watu.