Simu Inayokufa na Ukungu

Gaudiosa, fundi wa simu, alikuwa na mita moja tu ya kupimia nyaya, na mita hiyo ilikuwa inamwaibisha. Kila ukungu uliposhuka Malangali alfajiri, simu ya waya kati ya ofisi ya ghala la mahindi na mzani ilianza kukwaruza, kisha ikafa. Ikifika saa nne, jua limeshika, inaita kama haijawahi kuumwa. Akipima, mita inasema waya mzima.

Mathias, meneja wa ghala, alikuwa amepiga marufuku simu za mkononi mzanini ili makarani wasipatane na madereva. Bila ule waya, malori yanapanga foleni.

"Mama Fundi," akamwambia Gaudiosa, "kesho ikifa tena, natafuta fundi mwingine."

Gaudiosa akaenda Mazwi kwa Teodori, muuza vifaa vya mitumba. Teodori akamtolea mashine yenye kioo, inayochora hali ya waya na kutaja hitilafu iko mita ya ngapi.

"Hii ndiyo saizi yako, dada. Wasomi wote wanashika hii."

Sakafuni lilikaa sanduku zito la kuzungusha kwa mkono, ambalo mafundi huliita mega. Husukuma umeme mkali kwenye waya kuona kama unavuja.

"Hilo je?"

"Hilo chuma chakavu. Linazuia mlango."

Gaudiosa alianza maisha kwa kuuza ulezi kwa debe. Hakuwa mtu wa kununua gunia bila kutia mkono hadi chini.

"Njoo navyo vyote viwili kesho saa kumi na mbili alfajiri. Kitakachouona ugonjwa ndicho nanunua."

"Nibebe na kaunta pia?" Lakini kesho yake Teodori alikuja ghalani, amejifunga blanketi, anasonya.

Gaudiosa akachomoa waya pande zote. Kioo kikachora mstari mnyoofu.

"Si unaona? Waya wako hauna kitu!"

Gaudiosa akaiunganisha mega, akazungusha. Mshale ukaanguka hadi karibu na sifuri. Waya unavuja! Ila wapi? Mega haisemi wapi. Mashine inayojua mahali haioni ugonjwa, na inayoona ugonjwa haijui mahali. Akatukana kimoyomoyo, akapanda baiskeli, mega nyuma, Teodori akimfuata.

Kwenye sanduku la maungio la katikati ya njia akaukata waya, akapima nusu hii, akapima ile. Upande wa mzani ndio mgonjwa. Akagawa tena. Akabaki na kipande kimoja chenye maungio mahali pamoja tu, yaliyofukiwa ukingoni mwa shamba la mkulima mmoja, Albina. Alipoyafukua jua lilikuwa limetoka, mshale umepanda, na Mathias huyo amefika.

"Mbona inasoma vizuri? Mgonjwa ni wewe, siyo waya."

Gaudiosa akaazima ndoo kwa Albina, akayamwagia maungio maji.

"Zungusha," akamwambia Teodori.

Mshale ukaanguka mbele ya wote. Mathias akainama, akaona plastiki iliyofunika maungio imepasuliwa na jembe.

"Msinitazame mimi," Albina akasema. "Nalima tuta langu. Nani aliniambia nimepanda simu?"

"Leo inapona?" Mathias akauliza.

"Leo. Lakini mega hii lazima ibaki kwangu."

Neno lilikuwa limeshamtoka. Teodori akaikumbatia mega kama mtoto mchanga, akataja bei ambayo hata ile ya kioo ingeionea haya. Gaudiosa akabishana hadi koo likakauka, lakini anabishanaje na mtu aliyeshika mpini mwenyewe, akauona mshale kwa macho yake? Akalipa.

"Nakupa mwezi mmoja," Mathias akasema akiondoka. "Ukungu ukiishinda simu tena, usinitafute."

Gaudiosa akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuzikausha nyaya kwa pindo la kitenge, moja baada ya nyingine.