Siku Niliyomwacha Mama Mkwe Ukunguni

Nimekaa na aibu hii muda mrefu, na kila nikiingia chumba cha walimu nikakuta wawili wananong'ona, nadhani wananong'ona juu yangu, kwa hivyo acha niisimulie mwenyewe, ili mkicheka mcheke kilichotokea na si ile hadithi ya stendi ya bodaboda ambayo kwa sasa ina mwanamke mwenye kwato. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nawaambia watoto wa watu kila siku kwamba kila jambo lina sababu, na sababu hutafutwa kwa kupima, si kwa kuogopa. Na ni mimi huyu, na akili zangu zote, niliyemwacha mama mkwe peke yake bondeni, haoni, kisha aliponiita nikakimbia.

Nitaeleza polepole, msiwe na haraka.

Gari langu limelala chini ya mparachichi tangu petroli ilipopanda bei, na ilipopanda mara ya pili kuku wa mke wangu waliona sina mpango wa kulisogeza, wakaanza kutagia kiti cha nyuma. Sikuwa peke yangu. Pale shuleni kwetu nje ya mji wa Embu, mahali pa kuegesha magari ya walimu sasa pamejaa pikipiki, na kwenye ukuta kumeegemezwa baiskeli ya naibu wa mkuu wa shule (anasema ni kwa ajili ya afya yake, na sisi tunaitikia kwamba ni kwa ajili ya afya yake). Nami nikanunua pikipiki kuukuu kwa jirani, nikajifunza na ile tabia ya wanaobana mafuta: ukifika mteremkoni unazima injini, unaiacha ishuke yenyewe. Niliipenda sana tabia hii. Niliwaeleza hata wanafunzi kwamba kushuka ni bure, uzito wako unakuvuta chini bila kunywa hata tone la petroli. Hapo ndipo makosa yote yalipoanzia, kwenye hilo neno bure.

Sasa mama mkwe. Anaishi juu karibu na msitu, kwenye majani chai, na kutoka kwake kwenda kwenye barabara ya lami ni lazima ushuke bonde refu, uvuke daraja, kisha upande mlima wa ng'ambo. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli, basi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya madaktari wa macho waliokuwa wanapita Embu, afanyiwe upasuaji jicho moja kwanza, na sharti lilikuwa awe amefika kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu ukikosa zamu unasubiri mpaka warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Shemeji yangu Njeru ndiye aliyepaswa kumleta kwa gari. Alfajiri Njeru akapiga simu, akasema mshale wa mafuta umelala kabisa na kwenye vituo vya karibu hakuna petroli. Mke wangu akaniangalia. Akaiangalia pikipiki.

Lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, hasa ninyi mnaotoka mbali. Sisi ni Wakristo, tunaimba kwaya moja, lakini kwa akina mama wa umri wake mkwe ni mtu wa heshima na heshima ni umbali. Humgusi. Humkazii macho. Yeye naye hakuiti jina. Kwa miaka kumi na moja mimi nilikuwa Baba Njoki, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na hata hilo alilitamka akiwa ameangalia pembeni. Kumbeba mama kama huyo kwenye kiti kimoja cha pikipiki si jambo la mchezo. Alikubali kwa sababu ya jicho, tena kwa masharti: tuweke kitu katikati, na nisigeuke kumwangalia njiani. Basi tukafunga katikati furushi lake la hospitali, blanketi mbili, nguo, na ndani kabisa nduma, yale magimbi, alizochemsha asubuhi hiyo zikiwa bado moto. Yeye akakaa nyuma kabisa, upande upande, ameshika chuma cha kubebea mizigo.

Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu. Ilikuwa ile miezi ya baridi ambapo ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa mpaka karibu mchana. Taa ya pikipiki ilimulika ukungu tu, kama umemulika ukuta. Furushi lilikuwa limeniegemea mgongoni, na joto la zile nduma likanipenya koti polepole, nikawa najiambia, angalau mama yuko hapo, ametulia, tunakwenda vizuri.

Tulipofika mteremkoni nikazima injini.

Sijui kama mmewahi kushuka kwenye ukungu bila sauti. Taa ilizimika pamoja na ufunguo. Magurudumu yalikuwa yananong'ona kwenye udongo mwekundu wa murram, matone yakidondoka kutoka mikaratusi, na chini mto ukisikika kama watu wengi wanaoongea chumba cha pili. Kuhusu bonde hilo kuna maneno. Wanasema siku za ukungu ukifika darajani utaitwa jina, kwa sauti ya mwanamke, na usiitike wala usigeuke. Vijana wa bodaboda hawavuki bila kupiga honi mara tatu. Mimi maneno hayo niliyafundishia darasani, kama mfano wa jinsi sauti inavyorudi kutoka kwenye kuta za bonde. Asubuhi hiyo sikupiga honi. Niliona ni ujinga, na pia ufunguo ulikuwa umezimwa.

Darajani pikipiki ikaishiwa na nguvu za mteremko, ikatambaa, ikasimama. Nikakaa kidogo nikipulizia vidole vyangu, maana vilikuwa vimekufa ganzi. Sikusema kitu. Pikipiki ilitikisika kidogo, nikadhani anajiweka sawa. Kisha nikawasha, nikapiga kiki mara mbili ikashika, nikaanza kupanda.

Ndipo nikaitwa.

"Ireri."

Sauti ya mwanamke, nyembamba, nyuma yangu na chini kidogo, kama inatoka majini. Nikajiambia ni mto. Ikaita tena nilipofika kona ya kwanza. "Ireri." Nywele zikanisimama ndani ya helmeti, kwa sababu mwanamke pekee aliyekuwa nami asubuhi hiyo hakuwahi kulitia jina langu hilo kinywani tangu nimjue. Kwa hivyo haiwezi kuwa yeye. (Mnaona jinsi akili inavyofanya kazi ikiogopa: hesabu ilikuwa sahihi kabisa na jibu lilikuwa baya kabisa.) Nikavuta mafuta mpaka mwisho, mimi mbanaji, na pikipiki ikapanda kwa wepisi ambao haijawahi kuwa nao, na mwalimu wa fizikia, badala ya kujiuliza uzito umekwenda wapi, akafurahi kwamba kupumzisha injini kumeisaidia. Nilipokaribia juu ikaita mara ya tatu, hii ya tatu karibu sana, kama mtu aliyeinama sikioni.

Sikuitika. Nikaanza kusali, na nikamwomba mama kwa sauti ya chini naye asali. Hakujibu, nikajua anasali. Kisha mgongo wangu ukaanza kupoa. Lile joto lililokuwa limeniegemea tangu nyumbani likawa linaondoka kidogo kidogo, kutoka mabegani kwenda chini, mpaka nikahisi nimebeba kitu baridi kilichonilalia. Niliwaza mambo ambayo sitayaandika. Nilichojua ni kwamba nimeambiwa nisigeuke, na nimeambiwa na mama, na nimeambiwa na bonde, kwa hivyo sikugeuka.

Juu kwenye lami kuna stendi, na vijana kama sita walikuwa wanakunywa chai kwenye kibanda. Nikasimama mbele yao, nikashuka, nikaangalia chini kama inavyotakiwa, nikasema kwa adabu, "Mama, tumefika kwenye lami. Pumzika kidogo tuendelee." Kimya. Nikauliza kama miguu imeganda, nimwitie mama mwenye kibanda amsaidie kushuka. Kimya. Vijana wakaweka vikombe chini.

Mwenyekiti wao, Mugendi, niliyemfundisha mimi mwenyewe zamani, akaja taratibu. "Mwalimu," akasema, "unaongea na nani?"

"Na mama mkwe."

"Yuko wapi?"

Nikageuka. Kulikuwa na furushi, limefungwa vizuri kwa mipira, na nyuma yake hakukuwa na mtu.

Siwezi kuwaeleza baridi niliyoisikia hapo. Mama haoni. Kuna mto. Kuna malori ya majani chai yanayoshuka bonde lile asubuhi. Nilichosema, wananiambia, ni, "Alikuwa hapa akiwa na joto," na sentensi hiyo ndiyo iliyonipa jina ambalo wanafunzi wangu wanadhani silijui.

Nikawaeleza jinsi nilivyoitwa, na wanne wakapanda pikipiki zao tukarudi. Lakini mteremko ulipoanza wakasimama wote pamoja, taa zikielekea kwenye ukungu, kwa sababu kutoka chini kulikuwa na sauti ya mwanamke anaimba wimbo wa kanisani, polepole, mstari mmoja ukirudiwa rudiwa. Nikawaambia twendeni. Mugendi akatikisa kichwa. "Mwalimu, wewe ndiye umeitwa jina. Sisi hatujaitwa."

Nikashuka kwa miguu peke yangu. Hatua zangu zilikuwa zinanirudia kutoka kwenye kingo kana kwamba kuna mwenzangu. Nilipokaribia daraja nikaita, "Mama?" Wimbo ukakatika. Nikaita tena. Hakuna. Nikasimama, naye popote alipokuwa ametulia, na mto unaongea, na ikanijia kwamba hata yeye analijua lile neno la bonde: ukiitwa kwenye ukungu usiitike. Mimi nilimkimbia kwa sababu hiyo, na sasa yeye hanijibu kwa sababu hiyo, na saa inakwenda kwenye saa tatu.

Nikamwambia kwa sauti kwamba ni mimi, Baba Njoki. Baada ya muda sauti yake ikatoka karibu kuliko nilivyodhani, tulivu, kama ya hakimu.

"Baba Njoki amekwenda. Kama wewe ni mtu, niambie ukweli wa yule mbuzi."

Nilielewa mara moja, na natamani nisingeelewa. Siku ya kupeleka mahari nilipeleka mbuzi mmoja anayechechemea. Wazee waliuliza, nikaapa kwamba aliteguka kwenye lori njiani. Kwa miaka kumi na moja neno hilo halikutajwa tena, nikadhani limekwisha.

"Alikuwa kilema tangu sokoni, Mama," nikasema. "Nilijua. Nilimnunua hivyo hivyo."

Kisha kutoka juu, kutoka ndani ya ukungu ambamo huoni mtu, kikashuka kicheko cha watu wanne.

"Ni yeye," mama akasema.

Nilimkuta ameketi kwenye jiwe la ukingo wa daraja, viatu mkononi, ili nyayo zimwonyeshe palipo na murram na palipo na majani. Hakuumia. Alinieleza tukipanda (alinishika mkono, kwa mara ya kwanza, na sikujua niuweke vipi). Injini ilipozimika na pikipiki kusimama, alidhani nimesimama kwenda haja, na kwa heshima akashuka, akasogea mbali, akanipa mgongo. Kisha akasikia nawasha na kuondoka. Nikamwomba msamaha kwamba nilimsikia anaita mara zote tatu na sikusimama.

"Tatu?" akauliza. "Niliita jina lako mara moja tu, pale pale ulipowasha. Kisha nikaogopa, nikaanza kuimba."

Nilimwambia aangalie shimo lililokuwa mbele, ingawa haoni, na ingawa hakukuwa na shimo. Nimejaribu tangu siku hiyo kufanya mahesabu ya mwangwi, umbali wa kuta, kasi ya sauti kwenye hewa baridi. Ya pili naipata. Ile ya sikioni siipati.

Safari hii furushi tulilifunga nyuma yake, naye akanikumbatia kiunoni kwa nguvu zote mpaka Embu, mbele ya stendi nzima, hakuniachia hata tulipopita mbele ya kanisa letu, na injini haikuzimwa kwenye mteremko wowote. Tulifika muuguzi anafunga daftari, ameshaita jina lake mara mbili. "Niko," mama akaita kutoka mlangoni, kwa sauti iliyofanya benchi zima ligeuke. Muuguzi akaangalia matope ya miguu yake, akaniangalia mimi, akauliza ni nani amemleta. Mama akanionyesha kwa kidole. "Huyu. Aliniacha bondeni, kisha akarudi." Akaingia ndani, na mimi nikabaki na benchi zima likisubiri maelezo.

Jicho likapona. Nami nimeweka nadhiri kwamba sitazima injini tena mteremkoni nikiwa na mtu nyuma, petroli iishe kama inataka kuisha, na kwamba nitageuka kuhakikisha yupo, desturi itanisamehe. Mnaobana mafuta kama mimi, baneni, hakuna aibu, lakini ongeeni na mliyembeba.

Wiki iliyopita liliitwa jicho la pili. Njeru akampigia mama simu, safari hii na tanki limejaa, akasema atampeleka mwenyewe kwa gari, kiti cha mbele, na blanketi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akampigia mke wangu.

"Mwambie Ireri aje saa kumi na mbili," alisema. "Nataka kuliona lile bonde."