Fundi Sumaku na Ukuta Usiotobolewa

Madereva walimwita Fundi Sumaku, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na sita alifunga antena za redio za upepo, zile za kuitana madereva barabarani, juu ya magari, na hakuwahi kutoboa hata tundu moja. Magari yenyewe yalikuwa ya kukodi, na mwenye magari alitaka yarudi kama yalivyotoka. Kwa hiyo fundi alipangusa paa mpaka lisibaki hata chembe ya mchanga, akabandika antena yenye kitako cha sumaku, kisha akaupitisha waya chini ya mpira wa mlango taratibu, usije ukabanwa na kukatika. Gari likirudishwa aling'oa antena, akapiga kitambaa, na ungeapa hapakuwahi kuwa na kitu pale.

"Sumaku gani hii inayovuta mabati tu?" madereva walimtania. "Mbona haivuti mke?"

Alicheka nao. Mke alikuwa naye zamani, akaondoka akisema amechoka kuishi na abiria. Na tukiacha kumtetea, mama wa watu hakukosea. Fundi aliishi kwenye chumba cha kupanga, ghorofa ya pili, na siku aliyohamia alimsikia mwenye nyumba akifoka ngazini kwamba hataki kuona msumari kwenye kuta zake. Basi. Mwaka wa kumi na tisa huo, picha ya marehemu mama yake ilikuwa bado imeegemezwa ukutani, sakafuni, karibu na viatu. Kalenda aliilaza mezani. Nguo zilining'inia nyuma ya kiti. Jioni akirudi alikaa kitandani, na upweke ulimkaba kweli kweli, maana hapakuwa na mtu wa kumuuliza hata kama amekula.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimuuliza jambo. Huyo ni dereva wa lori la maji, mwanamke mwenye sauti nzito waliyemwita Mama Pacha. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipofika juu ya kilima kabla ya kushuka upande wa pili, aliijaribu redio yake kwa kumwita fundi karakanani.

"Fundi, unanipata?"

"Nakupata vizuri, Mama Pacha. Safari njema."

Ni hayo tu, kwa miaka kumi na moja. Sura yake alikuwa ameiona labda mara sita. Namba yake ya simu hakuwa nayo, wala hakuwahi kuona sababu ya kuiomba.

Kisha karakana ikafungwa. Fundi alistaafishwa, akapewa mkono wa kwaheri na redio moja kuukuu na antena yake, awe msikilizaji wa akiba kukitokea ajali barabarani. Jumatatu aliamka saa kumi na moja. Aliiweka antena juu ya sinia la chuma mezani, akanyoa ndevu kama anayekwenda kazini, akasubiri.

"Fundi... nipata?" Sauti ilikuja imekatikakatika.

"Nakupata, Mama Pacha!"

Kimya. Akarudia mara tatu. Yeye alimsikia kwa shida, lakini Mama Pacha hakumsikia kabisa. Dirisha la chumba lilitazama upande mwingine. Kati ya antena na kilima palikuwa na ukuta mnene wa zege usio na upenyo. Mganga hajigangi, ndugu zangu. Aliyeyafungia antena magari ya mji mzima alikuwa bubu chumbani mwake.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano Mama Pacha alisema polepole, na redio kwa huruma yake haikukata hata neno: "Fundi, labda umeshachoka na sisi. Nitajaribu mpaka Ijumaa, halafu sitakusumbua tena."

Fundi alibaki ameshika kipaza sauti, machozi yakimlenga. Kwenda ofisi ya malori ya maji kuomba namba ya simu ya mwanamke aliona haya, watu wangesema. Nje ya ukuta ule palipita ngazi ya chuma, na sumaku ingeshika pale vizuri sana. Ilibaki njia ya waya tu. Alhamisi akashuka kwa mwenye nyumba, bibi wa miaka themanini, aliyekuwa akichambua mchele kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Unahama?"

"Hapana, mama. Naomba... naomba kutoboa tundu. Dogo tu, la kidole gumba. Najua ulikataza hata msumari."

Bibi aliinua uso. "Nilimkataza nani?"

"Siku niliyohamia. Ulikuwa ngazini."

"Yule wa chumba cha chini! Alikuwa akigonga misumari usiku kucha, mwendawazimu yule." Akaweka ungo chini. "Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe miaka kumi na tisa sijasikia hata nyundo. Kila mwezi nasema, huyu kesho ataaga. Toboa."

Miaka yote hiyo fundi alikuwa ametii amri aliyopewa mtu mwingine.

Drili hakuwa nayo, hajawahi kumiliki. Aliazima kwa seremala jirani, na mikono iliyofunga antena mia tisa ikaishika kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza ncha iliteleza ikachubua rangi, naye akaufuta mchubuko kwa kitambaa, kwa mazoea. Kisha akakaza mkono. Vumbi la zege lilimwagika kitandani, kwenye viatu, kwenye picha ya mama yake. Mwanga mwembamba ukaingia chumbani kutoka upande ambao haukuwahi kuingilia. Akaupitisha waya tunduni, akatoka kuibandika antena kwenye ngazi ya chuma.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu.

"Fundi, unanipata?" Mama Pacha hakusubiri hata kidogo. "Haya. Asante kwa miaka yote, fundi."

"Nakupata, Mama Pacha. Nakupata vizuri."

Sauti nzito ikajaa chumbani. "Ee! Tangu Jumatatu nakuita. Uko wapi?"

Fundi alitaka kusema yuko chumba cha kupanga, ghorofa ya pili, kama alivyozoea kuwajibu watu. Akalitazama tundu ukutani, na waya ulivyopita katikati yake.

"Niko nyumbani," akasema. "Niko kwangu."