Sifa za Mahameli

Fundi huyu wa nguo watu walimwita Mama Pindo, maana pindo lake lilinyooka kama mstari wa rula. Alikuwa mtu wa sala na maneno machache. Hata sindano ikimdunga husema, "Ashukuriwe Mungu, si jicho."

Siku moja wifi yake, muuza mayai wa mlango wa pili, aliingia na simu. "Wifi, njoo uone unavyovuliwa nguo."

Kwenye video alikuwa Kidoti, mwanafunzi wa Mama Pindo aliyeondoka bila kuaga, ambaye sasa anafundisha ushonaji kwa video. Watazamaji wake wangeenea kwenye mabenchi mawili. Aliinua gauni lenye pindo la kombo. "Haya ndiyo niliyofundishwa na bibi mmoja. Ndiyo maana nilikimbia."

Mama Pindo alilijua gauni lile. Kidoti alilishona mwenyewe. Mama Pindo alikataa limfikie mteja, akashona jingine, akanyamaza. Sasa wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao bila kumtazama usoni.

Basi akawa anatazama kila video ya Kidoti, na kusubiri. Subira huvuta heri, alijiambia. Heri ya nani, hakusema.

Heri ikaja. Kidoti alikuwa akikata mahameli nyekundu, kitambaa chenye manyoya mafupi, kwa gauni la bibi harusi. Ili kubana kitambaa, mbele akaikata manyoya yakilala kwenda juu, nyuma yakilala kwenda chini. Kwenye taa rangi ni moja. Juani, mbele ingeonekana nyekundu na nyuma kama imeungua. "Nirekebisheni, wapendwa," alimaliza. "Kesho naunga."

Mama Pindo akaandika kwa kidole kimoja: "Hongera mwanangu. Umekata vizuri sana. Usibadilishe kitu."

"Umemsifu?" wifi akashangaa. "Wewe utaingia peponi na viatu."

"Ngoja harusi itoke juani."

Wifi akaelewa, akacheka mpaka trei ya mayai ikatikisika.

Jibu likaja: "Mama, nimelia. Wengine wananicheka tu. Kwa kuwa umesema wewe, naunga bila wasiwasi."

Hapo utamu ukaanza kuwasha koo. Jioni alipiga magoti, na alipofika pa kuomba msamaha ulimi ukagoma. Bibi harusi wa watu alimkosea nini? Akainuka, akampigia Kidoti. "Usiunge. Kesho leta kitambaa hapa."

Asubuhi akavitandaza vipande mlangoni, juani. Kidoti akashika mdomo.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Kukusifu kulikuwa dhambi, nimeshaitubu. Mkono wako wa mkasi ni mzuri, na unaeleza mpaka mtoto anaelewa. Lakini mahameli ipapase kwanza kwa kiganja, manyoya yote yalale upande mmoja. Kipande kingine cha mgongo tutakitoa kwenye mahameli iliyobakizwa kwa shali. Bibi harusi shali aisahau."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Washa simu."

"Nionyeshe mahameli?"

"Mahameli baadaye. Anza na lile gauni la pindo la kombo. Waambie alilishona nani."

Kidoti akatazama mlango. Wifi alikuwa ameujaza, trei ya mayai kichwani, hana haraka. Kidoti akawasha simu, akaanza kusema huku ametazama sakafu.

"Sauti juu kidogo, mwanangu," Mama Pindo akasema kwa upole, akitunga uzi. "Hilo nalo nilitaka kukurekebisha. Kwenye video zako husikiki vizuri."